Picha za kawaida na historia ya mtaa: dhana potofu na ukweli

"Picha ya historia ni ya kiongozi akikata utepe."
Dhana hii ndiyo inayopeleka picha nyingi jalalani. Kiongozi anapigwa picha na kila mwandishi aliyefika. Kibanda cha fundi viatu nyuma ya jukwaa hakuna anayekikumbuka. Mjini Paris, mpiga picha Eugène Atget alizunguka kwa takriban miaka 30 na kamera nzito ya mbao akipiga picha za milango, ngazi, vichochoro na vioo vya maduka. Aliwauzia wachoraji kama vielelezo vya kazi zao. Alifariki mwaka 1927 bila umaarufu mkubwa, na leo picha hizo ni miongoni mwa kumbukumbu bora za Paris ya zamani.

"Cha maana ni aliyesimama mbele."
Kwa familia, sawa. Mtafiti wa historia ya mtaa huanza na kilicho nyuma yake. Chukua picha ya mtoto aliyesimama mlangoni na viatu vipya. Ukuta ni wa udongo au wa matofali? Waya wa umeme umeshafika? Ndoo zilizopangwa pembeni zinasema nini kuhusu maji? Bango la uchaguzi lililochanika, kalenda ukutani, kibao cha duka chenye namba ya simu yenye tarakimu chache kuliko za sasa: vyote hivi husaidia kukadiria mwaka. Mimi huviamini kuliko tabasamu la mtoto, maana hakuna aliyevipanga.

"Picha haidanganyi."
Haidanganyi, ila huficha. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara ya Paris yenye pilikapilika. Pichani inaonekana karibu tupu, kwa kuwa kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kunasa taswira, na waliokuwa wakipita hawakuacha alama. Anayeonekana wazi ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Asiyejua angedhani mji umehamwa! Tena kushoto na kulia vimebadilishana, kama kwenye kioo. Kamera za sasa zina kasi, lakini sisi wenyewe bado tunachagua: tunapiga sherehe, hatupigi siku ya kufua wala siku ya njaa. Albamu iliyojaa harusi haithibitishi kwamba mtaa uliishi kwa raha, kwa hiyo isomwe pamoja na masimulizi ya wazee na magazeti ya wakati huo.

"Simu inaweka tarehe yenyewe."
Inaweka, kisha inapotea njiani. Programu nyingi za kutumiana ujumbe huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na picha ya karatasi ikiskaniwa hupewa tarehe ya kuskaniwa. Andika mwenyewe: nani, wapi, lini, nani alipiga. "Mjomba na rafiki zake" haitoshi. Mjomba wa nani? Kama mwaka huujui, "kabla daraja halijajengwa" ni bora kuliko mwaka wa kubuni. Tumia penseli laini, nyuma, pembezoni. Kalamu ya wino huacha mikwaruzo, na wino huvuja. Karatasi ikiwa ya plastiki isiyoshika penseli, andika kwenye bahasha.

"Ukishaskani, tupa."
Hapana. Mhuri wa studio na mwandiko wa nyuma mara nyingi haviskaniwi. Negativu (filamu ambazo picha za karatasi huchapwa kutokana nazo) nazo zitunzwe, hata kama aliyepiga hakuwa mtaalamu anayejulikana. Vivian Maier alikuwa yaya aliyepiga picha bila kujulikana. Mwaka 2007 makasha yake yalipigwa mnada Chicago kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na kazi yake kwa jumla ikaja kukadiriwa kuwa zaidi ya picha 100,000 za mitaani, filamu nyingi zikiwa hazijawahi hata kusafishwa ili picha zionekane.

"Picha ninayo, basi ni yangu."
Karatasi ni yako. Haki ya kuichapisha inaweza kuwa ya aliyepiga au warithi wake. Negativu za Maier zenyewe zilizua mvutano wa kisheria kuhusu hakimiliki baada ya kununuliwa. Na kama waliomo bado wako hai, waulize kabla ya kuitandaza.