Zidisha, Kaza, Rusha Mbali: Dhana Potofu za Anayeanza Kuvua Baharini kwa Fimbo

Ushauri anaopewa mtu anayeanza kuvua baharini una tabia moja: karibu wote unamwambia azidishe. Rusha mbali zaidi, nunua mshipi mnene zaidi, funga chubwi nzito zaidi, kaza zaidi breki ya rili, kile chombo cha kwenye fimbo kinachokusanya mshipi. Bahari ni kubwa, basi na vifaa viwe vikubwa na mkono uwe mzito. Mara nyingi ukweli uko upande wa pili.

Dhana: Samaki wako mbali, rusha hadi bega liume

Kabla ya kufungua mkoba, simama ufukweni uangalie mawimbi. Yatavunjika kwanza huko nje juu ya fungu la mchanga, yatatulia kidogo, kisha yatavunjika tena karibu na miguu yako. Hapo katikati yanapotulia, penye maji ya rangi iliyokolea, pana mfereji. Mawimbi hufukua kaa wadogo, minyoo na chaza na kuwamwaga humo, na samaki huwafuata, hasa maji yanapojaa alfajiri, magharibi au usiku. Wengine huingia hadi kwenye maji ya magotini. Anayeanza huwapitisha chambo juu ya vichwa vyao na kukitua mbali upande wa pili. Afadhali huyo kuliko yule anayeingia majini hadi kiunoni ili aongeze umbali, maana anakwenda kusimama mezani pa samaki.

Njia nzuri ni kufika maji yakiwa yamekupwa. Mifereji, mashimo na miamba yote huonekana wazi, nawe unaweka alama kwa kutumia mti au jiwe la ufukweni. Maji yakirudi, anza kurusha karibu, kisha ongeza umbali kidogo kidogo hadi uguswe. Zipo siku umbali unahitajika kweli, lakini uwe hatua ya mwisho.

Dhana: Maji ni maji, saa yoyote inafaa

Maji yanayokwenda ndiyo yanayobeba chakula. Yakisimama kabisa, mwisho wa kujaa au mwisho wa kupwa, samaki wengi hupunguza kula, na hapo ndipo wageni wa fani hii hukata tamaa na kufungasha. Subiri yaanze kutembea tena.

Sehemu nyingi za dunia hupata maji ya kujaa mara mbili kwa siku, yakipishana kwa takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana saa iliyokufaa jana, leo imesogea mbele kwa kama dakika 50. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kupita kawaida, na mkondo unaweza kuwa mkali kiasi cha chambo kutokaa chini. Katika siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo huwa mapole, na kwa anayejifunza si siku mbaya hata kidogo.

Dhana: Kaza breki, samaki asichukue hata shibri ya mshipi

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalopoteza samaki wengi kuliko yote. Breki ya rili imewekwa ili iteleze. Kanuni inayotumika sana ni kuiweka kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 10 unataka breki ya kilo 2.5 hadi 3 na kidogo. Usikisie kwa kidole. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako aivute, nawe usome kilo ambapo rili inaanza kuachia.

Mbona nguvu nyingi hivyo zinaachwa bila kutumika? Kwanza, fundo karibu kila mara ni dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Pili, samaki akishtuka na kukimbia, mvuto hupanda ghafla. Tatu, mshipi unaopita kwenye vipete vya fimbo iliyopinda husuguana navyo, na mshipi mrefu uliozama huburuta maji. Nne, na hili wengi hawaambiwi, kadiri mshipi unavyoisha kwenye kigurudumu cha rili ndivyo breki inavyozidi kuwa ngumu yenyewe. Kipenyo cha mshipi wote uliobaki umezungushwa kwenye kigurudumu kikipungua hadi nusu, nguvu inayohitajika kuuvuta huwa mara mbili. Yaani samaki anapokuwa mbali kabisa, pale mtu anapotamani kukaza, breki tayari imejikaza.

Kuna jambo jingine kwa wenye rili ya kigurudumu kisichozunguka wakati wa kurusha, ile inayotumiwa na wengi wanaoanza. Samaki akiwa anachukua mshipi, usizungushe mkono wa rili. Hupati hata sentimita moja, na unausokota mshipi: rili ya uwiano wa 5 kwa 1 inaweka misokoto mitano kwa kila mzunguko wa mkono. Kesho yake utashangaa kwa nini mshipi unajifunga vitanzi hewani. Mwache akimbie. Akitulia, inua fimbo polepole, kisha ishushe huku ukikusanya. Usiipitishe wima kuelekea nyuma ya kichwa, kwa sababu mzigo wote unahamia kwenye ncha yake nyembamba, na hapo ndipo fimbo nyingi huvunjika.

Dhana: Mshipi mnene ndio salama, na fluorokaboni haionekani

Unene una gharama yake. Mshipi mnene hukamatwa na upepo na mkondo, hivyo unalazimika kuongeza chubwi, na chubwi ikizidi unataka fimbo ngumu zaidi, na mwishowe unashindwa kumhisi samaki anapodonoa. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba kwa nguvu yake na karibu haurefuki ukivutwa, kwa hiyo kila mguso hufika mkononi. Udhaifu wake ni mwamba na matumbawe: ukigusa ukingo mkali huku umekazwa, umekwisha. Ndiyo sababu mbele yake huungwa kipande cha nailoni au fluorokaboni, aina nyingine ya mshipi wa plastiki. Na unapoujaza kwenye rili, anza na mizunguko michache ya nailoni, la sivyo utateleza wote pamoja juu ya chuma kitupu.

Fluorokaboni hupinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.42, maji 1.33, nailoni zaidi kidogo ya 1.5. Imekaribia maji kuliko nailoni, lakini haijatoweka. Thamani yake kubwa ni ugumu wake dhidi ya kusuguliwa, na kwamba huzama haraka. Kwa wenye meno kama nguru na mzia, haitoshi. Weka kipande kifupi cha waya.

Fundo liloweshe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani msuguano wa mshipi mkavu huzalisha joto linaloudhoofisha. Kisha livute kwa nguvu kabla ya kurusha. Bora likatike mkononi. Ila usizungushe mshipi wa kusukwa kwenye kiganja kitupu, unakata kama wembe.

Dhana: Ndoana kubwa, samaki mkubwa, akigusa, mkwanyue

Samaki mkubwa humeza ndoana ndogo bila shida, ila mwenye mdomo mdogo kama tasi au kangaja hawezi ndoana kubwa. Linganisha ndoana na chambo, na ncha yake ibaki wazi. Kilicho muhimu zaidi ni ukali: buruta ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, inoe au itupe. Hata wavuvi wa kale walilijua hili. Ndoana zilizopatikana katika pango la Sakitari kule Okinawa, Japani, zenye umri wa takriban miaka 23,000, zilichongwa kwa gamba la konokono wa baharini na kusagwa.

Kuhusu kukwanyua, inategemea. Ndoana ya umbo la J inataka mvuto wa haraka. Ndoana ya duara, ambayo ncha imegeukia ndani, haitaki kabisa: samaki huondoka na chambo, ndoana ikateleza na kunasa pembeni mwa mdomo. Ukikwanyua unaitoa kinywani. Acha mshipi ukazike, kisha zungusha rili taratibu. Kwa kuwa hainasi tumboni mara nyingi, ndiyo ninayompendekezea anayeanza, hasa kama atawarudisha wadogo majini.

Dhana: Nyamaza, utawafukuza samaki

Ongea tu. Sauti ya hewani karibu yote hurudishwa juu na uso wa maji. Kinachowashtua ni kishindo cha mguu juu ya mwamba, au nanga iliyobwagwa ndani ya mashua. Mtikisiko huo unaingia majini moja kwa moja, na majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Dhana: Bahari imetulia, mwamba ni salama

Mawimbi makubwa huja kwa makundi yenye mapumziko katikati. Tazama mwamba kwa dakika 20 hivi kabla ya kuukanyaga; ukiwa na maji au utelezi wa mwani juu, tafuta mwingine. Vaa jaketi okozi, usiipe bahari mgongo. Fimbo ya kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo ngurumo ikisikika, ilaze chini uondoke.

Hongwe na tasi wana miiba yenye sumu. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji moto ya kama nyuzi 45, yasiyounguza, kwa dakika 30 hadi 90, kisha uende hospitali. Bunju mrudishe baharini: sumu yake haiondolewi kwa kupika.

Dhana: Rili ya baharini haihofii chumvi, ipige maji ya presha

Maji ya presha husukuma chumvi na mchanga ndani kwenye beringi, na kuizamisha rili kwenye ndoo hufanya vilevile. Kaza breki kwanza ili maji yasipenye kwenye sahani zake, nyunyizia maji baridi ya kawaida kidogo kidogo, futa, kausha kivulini. Vipete vya fimbo vipitishie kitambaa chenye maji, na pamba kavu pia: ikinasa nyuzi zake, kuna ufa utakaokula mshipi. Mwisho legeza breki kabisa, ikae hivyo hadi safari nyingine.