Anachouliza Mteja Ndicho cha Kuandika

Fundi mmoja wa sandali za ngozi katika soko la Kariokor alikuja kituoni kwetu, tunakowashauri wenye biashara ndogo, na swali tunaloulizwa karibu kila wiki. "Nina tovuti, nina Facebook, nina Instagram, nina WhatsApp, na bado wateja wangu ni wale wale wanaopita hapa sokoni. Shida iko wapi?" Tovuti alikuwa ametengenezewa na kijana wa mtaani kwao, na kwa macho ilipendeza. Nilipoifungua nikasoma hivi: "Karibu katika kampuni inayoongoza kwa bidhaa bora na huduma za kuridhisha kwa bei nafuu. Furaha yako ndiyo fahari yetu."

Nikamwomba aniambie maneno hayo yanauza nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata muuza magodoro anaweza kuyatumia."

Alilitaja tatizo mwenyewe. Kazi yangu ni kuwashauri wenye biashara ndogo hapa Nairobi, na kurasa ninazozisoma, za wauza sare Gikomba, mafundi wa samani wa kando ya Ngong Road, wasusi wa Kenyatta Market, zimejaa sifa ambazo hazimjibu mteja neno. Mwenye duka ana maarifa tele kichwani. Anajua ngozi gani hupasuka na ipi hudumu, mbao gani huliwa na mchwa, nywele gani zinakaa wiki sita. Akishika simu kuandika, maarifa hayo yote huyaacha kando na kuanza kuongea kama kipeperushi.

Daftari la maswali

Nilimpa fundi yule kazi ya wiki moja. Anunue daftari dogo la shule, aliweke kando ya gundi na nyundo, na kila mtu akiuliza jambo, kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana, aliandike vile vile lilivyoulizwa bila kulirembesha. Wiki iliyofuata alinifungulia daftari mezani. Maandishi yalikuwa ya haraka haraka, mengine yana alama za gundi: "Hizi ni ngapi?" "Uko na saizi 43?" "Kariokor upande gani?" "Ni ngozi kweli ama ni plastiki?" "Unaweza kunitumia Eldoret?" "Nalipa kabla ama nikizipata?" "Zikinibana utanibadilishia?"

Tukalinganisha daftari na tovuti. Hakuna swali hata moja ambalo tovuti ilikuwa imelijibu. Basi tukakaa tukaandika upya, yeye akisema na mimi nikiandika, na ukurasa wa kwanza ukawa hivi:

"Sandali za ngozi ya ng'ombe, zimeshonwa kwa mkono hapa soko la Kariokor, Nairobi. Za wanawake, saizi 36 hadi 41, shilingi 1,200. Za wanaume, saizi 40 hadi 45, shilingi 1,500. Saizi nyingine tunakutengenezea kwa siku tatu: chora mguu wako kwenye karatasi, upige picha karatasi hiyo ikiwa na rula kando yake, ututumie kwa WhatsApp. Nje ya Nairobi tunatuma kwa matatu, nauli ya mzigo ni yako. Zikikubana, zirudishe ndani ya siku saba kabla hujazivaa nje, tukubadilishie."

Sentensi ya kuchora mguu ilitoka kwake mwenyewe. Amekuwa akiwaelekeza wateja hivyo kwa simu kwa miaka, na hakuwahi kufikiria kwamba ni jambo la kuandikwa. Kwangu mimi sentensi hiyo inauza kuliko zote, kwa sababu msomaji anaona papo hapo kwamba anayeongea naye ni fundi.

Kuna faida nyingine ya kuandika kwa maneno ya daftari. Mtu akitafuta kitu Google, huandika maneno yale yale anayoyatumia kuuliza: sandali za ngozi Nairobi, viatu vya ngozi saizi 45, fundi wa sandali Kariokor. Google inalinganisha maneno hayo na yaliyomo kwenye kurasa. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akatafuta "huduma za kuridhisha". Na usisahau kwamba watu huandika majina ya mahali kwa namna mbalimbali. Kariokor wengine huiandika Kariakor, na jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, asili moja na Kariakoo ya Dar es Salaam. Tahajia zote mbili zikiwa mahali fulani kwenye ukurasa wako, anayetafuta kwa yoyote kati yake ana nafasi ya kukufikia.

Bei iandikwe

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi zaidi. "Bei njoo inboksi" imekuwa desturi, na kila ninayemuuliza sababu ananiambia mambo mawili: hataki washindani waione, na anataka nafasi ya kuongea na mteja. Mshindani wako wa kibanda cha tatu anaijua bei yako tangu zamani. Wateja wanatoka kwako wanaenda kwake wakimwambia. Anayefichwa hapo ni mteja peke yake. Na mteja huyo yuko ndani ya matatu kwenye msongamano wa Thika Road, ana bando la kuhesabu, anaangalia maduka matano kwa mpigo. Asipoona bei anadhani moja kati ya mawili: ni ghali, au utampima kwanza ndipo umtajie. Anasonga mbele.

Kama kazi yako ni ya oda na bei hubadilika, andika inapoanzia na kinachoipandisha. "Kabati la milango miwili la mbao ya saiprasi linaanzia shilingi (taja kiasi chako), kioo na droo zinaongeza." Ila bei hiyo ya kuanzia iwe ya kweli, mtu akija nayo mkononi apewe kitu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo kuhusu bidhaa kuwa biashara isiyo ya haki, ikiwemo kusema kitu ni kipya ilhali si kipya. Wenzangu wa mitumba, jambo hilo linawahusu moja kwa moja. Neno "kamera", yaani mitumba ya daraja la kwanza, linaeleweka na kila mnunuzi wa Nairobi, na nguo ya kamera iliyoelezwa kwa ukweli inauzika vizuri bila kuitwa mpya.

Kila mtandao na kazi yake

Watu hunakili tangazo moja wakalibandika kila mahali. Ni afadhali kuliko kunyamaza, lakini ujue mteja yuko katika hali gani anapokukuta. Kwenye Google mteja anakuja akiwa tayari anatafuta, kwa hiyo fungua wasifu wa biashara huko, ni bure, na uweke saa za kufungua, namba ya simu, na mahali ulipo kwenye ramani. Usitegemee ramani peke yake sokoni, maana inamleta mtu getini na kumwacha hapo. Ongeza maelekezo ya Kinairobi: mlango upi, mstari upi, namba ya kibanda, na jina la kuulizia.

Instagram na Facebook mtu hakuwa anakutafuta, umemkatiza. Chini ya picha maneno ya mwanzo pekee ndiyo yanayoonekana mpaka abonyeze kusoma zaidi, kwa hiyo kitu, bei na mahali vitangulie, na salamu zije baadaye. Kiungo ukikiandika chini ya picha ya Instagram hakibonyezeki. Kiweke kwenye utambulisho wa ukurasa. Na tafadhali, namba ya simu usiifungie ndani ya bango. Mteja hawezi kuinakili kutoka kwenye picha kwa urahisi, na wengi hawatatafuta kalamu. Iandike pia kama maandishi.

WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, naipenda kuliko zote kwa biashara ya mtu mmoja au wawili. Ina katalogi ambayo picha, bei na maelezo hukaa humo, wakati picha ya stetasi hutoweka baada ya saa 24. Nimeona akina mama wakiposti sare zile zile kwenye stetasi kila asubuhi ya Januari hadi wanachoka, na katalogi iko tupu. Jaza katalogi mara moja, halafu stetasi itumie kwa habari ya leo: saizi zilizoingia, oda iliyokamilika.

Lugha? Andika unavyoongea na wateja wako. Sheng kwenye video ya TikTok ni sawa kabisa kama ndiyo lugha ya wanunuzi wako. Masharti ya malipo, ya kurudisha bidhaa na ya muda wa oda, hayo yaandike kwa Kiswahili au Kiingereza cha wazi, maana siku ya ugomvi ndiyo mtakayorudi kuyasoma.

Kabla sijaacha hapo, liangalie jina lako la till, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Mteja akilipa kwa Lipa na M-Pesa huonyeshwa jina la biashara. Kama ukurasa una jina moja na till ina jina jingine, anasita, na ana haki ya kusita, kwa sababu wengi wameshalipa watu wasiowajua wakazimiwa simu. Majina yakilingana, mambo yanaenda. Yasipolingana, liandike jina la till karibu na namba yake: "Utaona jina hili, ndilo letu."

Picha za watu na namba zao

Mteja akipendeza ndani ya nguo yako, unataka kumposti. Muulize kwanza, na jibu lake ulitunze hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, hairuhusu data ya mtu kutumiwa kibiashara bila yeye kuridhia waziwazi, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine, na picha ya uso ni data. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Kwa kibanda cha Gikomba, pesa hizo ni kufunga biashara. Namba za simu nazo ni vivyo hivyo: mtu kukulipa kwa M-Pesa hakukupi ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Mwombe, na akisema acha, acha.

Ukurasa ni mali, uwe kwa jina lako

Jambo hili linaniuma kwa sababu nimewaona watu wakilia mbele ya meza yangu. Mama mmoja mwenye duka la keki aliacha ukurasa wake ufunguliwe kwa namba na barua pepe ya kijana aliyemwajiri. Waligombana juu ya mshahara, kijana akaondoka, na ukurasa wa miaka minne ukaondoka naye, pamoja na picha zote na wateja waliozoea kuagiza huko. Mwingine jina la tovuti yake, linaloishia kwa .co.ke, lilisajiliwa kwa jina la aliyemtengenezea. Jina hulipiwa kila mwaka. Ilani za kulipa zilienda kwa yule mtu, na tovuti ikazimika.

Basi ukurasa na jina la tovuti visajili kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama kazi yote inafanywa na mwingine. Msaidizi mpe nafasi ya kuendesha ukurasa bila kumpa nenosiri lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa simu usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa mtandao. Tunza pia orodha yako ya wateja walioridhia nje ya mitandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Waliokuwa na namba za wateja daftarini walipiga simu na kuendelea kuuza.

Kuhusu kulipia matangazo, subiri. Posti ambayo bila malipo haijaleta hata swali moja, ukiilipia utawaonyesha watu wengi zaidi kitu kisichowavutia. Lipia ile iliyokwisha kuleta maswali, kwa kiasi kidogo, kwa siku chache, ukichagua maeneo unayoweza kufikisha mzigo. Kisha kila mteja mpya muulize, "Umetujulia wapi?" na uandike. Idadi ya waliopenda picha haikwambii ni wangapi waliolipa.

Fundi wetu wa Kariokor bado ana daftari. Mvua za masika zilipoanza, maswali yakabadilika ghafla: "Zikilowa zinaharibika?" Alijirekodi kwa simu akiwa kibandani, ameshika sandali iliyolowa, akaeleza kwamba ikaushwe kivulini, isiwekwe karibu na jiko kwa sababu ngozi itakakamaa na kupasuka, na ikikauka ipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa. Chini yake akaandika bei, saizi na namba ya kibanda. Wateja wake wa zamani wamekuwa wakiitumiana video hiyo tangu siku ile, na ukurasa wa pili wa daftari una swali jipya ambalo hakuwahi kulisikia: "Uko na zile mafuta unauza?"