Kayafa si Kefa

Kila Juma Kuu linapokaribia, mahubiri yaleyale hurudi: Kayafa, kuhani mkuu aliyemhoji Yesu, na Kefa, yaani Petro, ni jina moja, yote mawili maana yake "mwamba", kwa hiyo usiku ule Yesu alipokamatwa miamba miwili ilikutana uani kwa kuhani mkuu. Mwaka huu yamenifikia tena kwenye simu, na watu wanaitikia amina. Jamani, tuache.

Kefa, yaani mwamba, katika Kiaramu, lugha ya Yesu, huanza kwa kaf, herufi ya k. Kayafa huanza kwa qof, herufi ya q. Aliyepita chuoni akasoma Kurani anajua kalb ni mbwa na qalb ni moyo, wala hathubutu kuvichanganya. Kiaramu ni ndugu wa Kiarabu, na tofauti ni hiyohiyo. Kigiriki cha Injili ndicho kilichoificha, kwa kuziandika herufi zote mbili kwa kappa. Sisi nasi tukafuata, kama tunavyoandika kalamu na kitabu kwa k moja ilhali Kiarabu kina q kwa la kwanza na k kwa la pili. Lakini fungua Peshitta, Biblia ya Kisiria, ambayo ni lahaja ya Kiaramu: Kefa kwa kaf, Kayafa kwa qof.

Tena Kayafa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema aliitwa Yusufu, na Kayafa ni jina alilojulikana nalo. Mwaka 1990, kusini mwa Yerusalemu, wajenzi walitoboa paa la kaburi la kale. Ndani mlikuwa na masanduku ya mifupa, na moja lenye nakshi za maua lilikuwa limekwaruzwa "Yehosef bar Qayafa". Bar ni "mwana wa", kama katika Simoni Bar-yona, na wengi huishia hapo: basi baba yake aliitwa Kayafa. Ila kuna sanduku jingine, lililotangazwa 2011, la Miriamu binti Yeshua bar Qayafa, wa makuhani wa zamu ya Maazia, mojawapo ya zamu za utumishi hekaluni. Basi Kayafa laweza kuwa jina la ukoo mzima, ingawa huenda Yehosef na Yeshua walikuwa tu ndugu wa baba mmoja. Hoja hiyo siwezi kuivunja. Hata hivyo maneno ya Josephus yananielekeza kwenye jina la ukoo, ambapo "bar" ni "wa kina".

Maana yake? Wapo wanaolihusisha na kikapu, wengine na utando unaoganda juu ya nyama iliyochemshwa. Hakuna aliyethibitisha.

Kinachoninyima raha ni herufi ya pili. Katika maandishi ya kukwaruza kwa msumari, yod (y) na vav (w au o) hufanana mno, na wapo mabingwa wanaosoma Qofa, si Qayafa. Pengine tunaiona yod kwa kuwa tulishamtarajia kuhani wa Injili kabla ya kulitazama sanduku. Shaka hiyo ina uzito, na anayelitaja kaburi hilo mimbarani angepaswa kuisema. Lakini usome kwa yod au kwa vav, herufi ya kwanza ni qof.