Vyuma vya kukazia bodi ya gari la michezo: vinafungwa wapi, na kwa nini

Wateja wengi wanaoniletea Subaru Impreza na Toyota Altezza hapa Mtwara huanza na ombi lile lile: wafungiwe chuma kinachopita juu ya injini na kuunganisha nyumba mbili za shokapu za mbele. Chuma hicho huonekana mara tu boneti inapofunguliwa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupendwa kwake. Kabla ya kushika spana mimi huuliza gari linafanya nini hasa likiwa kwenye kona, kwa sababu hakuna chuma cha kukazia bodi kinachoongeza mshiko wa tairi. Kazi yake ni kuzuia sehemu mbili za bodi zisisogeleane wala kuachana.

Magari haya hayana chesisi ya pekee chini ya bodi kama ilivyo kwa lori. Bodi yenyewe, yaani mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa kwa nukta nyingi, ndiyo chesisi. Gari linapokata kona kwa kasi, au gurudumu moja linapoingia shimoni huku jingine likibaki juu, bodi hujisokota kidogo, na wahandisi hupima ukinzani wake kwa newton-mita kwa kila digrii moja ya msokoto. Bodi inayojisokota huwa springi ya ziada, tena springi isiyo na shokapu ya kuituliza. Ndiyo maana mtu anaweza kununua shokapu ngumu za bei kubwa, akabadilisha na stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona), halafu asipate tofauti aliyoitarajia: sehemu ya kazi ya vipuri hivyo inamezwa na mabati. Seremala anayepigilia ubao wa mshazari kwenye fremu ya mlango anafanya jambo hilo hilo tunalolifanya sisi, na ubao huo ukiwekwa mahali ambapo fremu haichezi, unakuwa mzigo tu.

Kwa hiyo aina ya gari ndiyo inayoamua. Impreza za miaka ya 2000 hadi 2007 zina mfumo wa MacPherson mbele na nyuma, ambamo shokapu yenyewe hushiriki kulishikilia gurudumu, na kichwa chake hubeba uzito pamoja na sehemu ya nguvu ya ubavuni. Hapo chuma cha juu kina kazi ya kweli. Altezza, iliyouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, ina mkono wa juu na wa chini kwa kila gurudumu la mbele, na nguvu nyingi ya ubavuni hupita kwenye mikono hiyo. Mwenye gari hilo namshauri aanze na bushi, yaani mipira ya kwenye viungio vya mikono hiyo, ambazo kwa umri wake huwa zimechoka. Gari lisilo na paa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu paa ni sehemu kubwa ya uimara wa bodi. Mazda MX-5 ilitoka mwaka 1989, na toleo la 1994, lililopata injini ya lita 1.8, liliongezewa vyuma vya kukazia kutoka kiwandani. Kwenye gari kama hilo natanguliza vyuma vya chini ya sakafu, ingawa hakuna atakayeviona.

Kipimo ninachokiamini ni rahisi. Naliegesha gari mahali tambarare, napiga jeki kona moja ya mbele mpaka gurudumu liachane na ardhi, kisha nafungua na kufunga mlango wa upande huo polepole. Bodi iliyo imara hupokea mlango kama kawaida. Kitasa kikigonga kishikio chake badala ya kuingia, au nafasi ya juu ya mlango ikibanwa kuliko ya chini, bodi imelegea, na mara nyingi chanzo ni kutu kwenye kingo za chini ya milango. Magari yaliyotumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huweza kufika yakiwa yameanza kuliwa kwa chini, na upepo wa bahari kuanzia Mikindani hadi Lindi huendeleza kazi hiyo. Nagonga kingo hizo kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kwa ukali, ilhali lililooza hutoa sauti butu na vumbi jekundu hudondoka. Hapo sifungi chochote mpaka bati likatwe na kuchomelewa jipya, kwa kuwa boliti itavuta na kulirarua.

Chuma cha juu hufungwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote manne. Likiwa kwenye jeki, bodi imeshajisokota, na utakuwa umeufungia msokoto huo ndani. Nachagua chuma ambacho ncha zake zimechomelewa moja kwa moja kwenye bomba, maana zile zenye kiungo cha boliti moja hucheza pale pale panapotakiwa kutulia. Boliti ya milimita 8 ya daraja la uimara la 8.8 hutosheka kwa kukazwa takriban newton-mita 25, isipokuwa kitabu cha gari kikitaja kiasi kingine, nami hutumia spana yenye kipimo.

Vyuma vya chini hupunguza nafasi kati ya gari na ardhi, na kwa anayevuka matuta ya mjini kila siku au anayepita barabara za vumbi kuelekea Newala, hata sentimita mbili zina maana. Mteja namweleza pia kwamba chuma cha juu kinaweza kuhamishia pigo la ajali ya upande mmoja kwenye nyumba ya shokapu ya upande wa pili. Akikubali, namfungia, nazipaka boliti za chini grisi dhidi ya chumvi, na kumtaka arudi baada ya wiki chache nizipime tena na kukagua alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu.