Pishi Moja kwa Kila Kichwa

Katika kufundisha Biblia, somo la Mungu mpaji halimaliziki bila mtu kuuliza: kama Mungu ndiye anayetoa riziki, mbona kuna waumini wanaolala njaa? Wengi hutarajia nijibu kwa Wafilipi 4:19, ahadi kwamba Mungu atawajaza watu kila wanachokihitaji. Mimi huanzia jangwani, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16.

Waisraeli wametoka Misri, wana njaa, wananung'unika hadi wanatamani vyungu vya nyama vya utumwani. Asubuhi, umande ukishakauka, wanakuta mana: vitu vidogo vyeupe, ladha yake tamu kama asali. Amri ni kuokota pishi moja, yaani kipimo kimoja cha chakula, kwa kila kichwa, kwa hesabu ya walio hemani. Waliobakiza mpaka kesho yake walikuta mabuu na uvundo. Lakini siku ya sita waliokota maradufu, na chakula kilekile kikalala salama, kwa kuwa siku ya saba ilikuwa ya kupumzika. Ndivyo walivyolishwa miaka 40, wakitegemea kila siku kitakachoshuka kesho.

Mstari ninaoupenda zaidi ni wa 18, na sijui kwa nini wahubiri wengi wanauruka. Wengine waliokota kingi, wengine kichache; walipopima kwa pishi, wa kingi hakubakiwa na kitu, wa kichache hakupungukiwa. Ilikuwaje? Wako wafafanuzi wanaosema muujiza ulitokea wakati wa kupima, na wako wanaosema watu walikusanya pamoja ndipo wakagawana. Andiko lenyewe halisemi. Mimi naegemea kwenye kugawana, kwa sababu ya mtume Paulo.

Paulo ananukuu mstari huohuo katika 2 Wakorintho 8:15, akiwa katikati ya shughuli ya mchango kwa ajili ya watakatifu, yaani waumini, maskini wa Yerusalemu. Anawaambia Wakorintho kwamba makanisa ya Makedonia, nao wakiwa hohehahe, waliomba wenyewe waruhusiwe kuchangia. Kisha hoja yake: mlicho nacho tele sasa kiwafae waliopungukiwa, ili siku nyingine wingi wao uwafae ninyi. Mana ilishuka kutoka mbinguni, mchango huu sasa unatoka mifukoni mwa watu, na kwa Paulo kanuni ni ileile. Kwa hiyo jibu langu kwa yule muulizaji huwa linamkera kidogo: huenda pishi ya mwenye njaa imekwisha kushuka, ila iko hemani kwa jirani.

Sasa tunaweza kurudi Wafilipi 4:19, Mungu wangu atawajaza kila mnachokihitaji. Aliyeandika ni Paulo huyohuyo, akiwa mfungwa, aliyetoka kusema mistari michache juu kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa. Walioandikiwa ni watu waliomtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Ukiukata mstari huo ukaufanya hundi ya gari na nyumba (na unakatwa sana, hasa wakati wa sadaka) umewaacha nje watoaji na mfungwa wao.

Na kwenye fedha hizo za Yerusalemu Paulo hakuwa mzembe. Tito, mtenda kazi mwenzake, alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, mtu asije akawalaumu kwa jinsi walivyosimamia mchango mkubwa namna ile. Wakorintho nao alikwisha kuwaandikia kwamba watakaowaona wanafaa, hao ndio atakaowatuma na barua kuupeleka.