Jeshi la anga linalojitegemea: maana yake ni nini?

Nchi inaweza kuwa na ndege za kivita mamia na bado isiwe na jeshi la anga linalojitegemea. Kinachotazamwa ni nani anatoa amri, nani anaomba bajeti, na nani anamfunza rubani na kumpandisha cheo. Ndege zikiwa chini ya jenerali wa nchi kavu, zitapeleleza na kuelekeza mizinga kwa faida ya askari wa miguu. Zikiwa chini ya wanamaji, zitafuata meli.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza hadi 1918, na sehemu ya mkasa huo ilichezwa huku kwetu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha kwenye delta ya Rufiji, ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya Waingereza hadi ikaangamizwa, Julai 11. Ndege hizo zilikuwa mali ya wanamaji. Mwaka uliofuata Jenerali Jan Smuts, wa upande wa Waingereza, akapigana na Wajerumani katika nchi hiyo hiyo, naye akiwa na ndege za jeshi la nchi kavu. Taifa moja, mikono miwili ya anga, na kule Uingereza mikono hiyo ikigombania injini na viwanda.

Juni 13, 1917, ndege za Kijerumani ziliipiga London mchana kweupe. Watu 162 walikufa, wakiwemo watoto 18 wa shule moja ya mtaa wa Poplar. Smuts, aliyekuwa amehamia London, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Ripoti yake ya Agosti ilitaka vikosi vya anga viunganishwe chini ya wizara yake yenyewe, na Aprili 1, 1918, Royal Air Force (RAF), jeshi la anga la Uingereza, ikazaliwa. Finland ilikuwa imetangulia kwa wiki chache, ila kwa ukubwa hawakuwa wa kulinganishwa.

Kwangu mimi, upande wa mafunzo ndio unaovutia zaidi. Miaka ya mwanzo ya vita, mwalimu mara nyingi alikuwa rubani aliyechoshwa na mapigano, asiyetaka kufa mikononi mwa mwanafunzi. Wengi walifika mstari wa mbele wakiwa na saa chache tu za kuruka. Kosa lililoogopwa kuliko yote ni ndege kupoteza kasi na kuanguka ikizunguka kama pia. Wanafunzi waliambiwa waliepuke, basi. Mwaka 1917, kule Gosport, Uingereza, rubani Robert Smith-Barry aliigeuza kanuni hiyo: mwanafunzi aingizwe kwenye hatari hiyo kwa makusudi, afundishwe kutoka. Alitumia ndege ya Avro 504 yenye usukani kwa wote wawili, mwalimu akizungumza na mwanafunzi kupitia bomba la mpira lililofika masikioni, maana kelele za injini zilimeza kila neno. Mfumo huo ukaenea nchi nyingi.

Hugh Trenchard, mkuu wa RAF baada ya vita, alijua kwamba jeshi lisilo na chuo chake litamezwa na majeshi makubwa. Mwaka 1920 akafungua chuo cha maofisa Cranwell. Hata hivyo wanamaji hawakuacha kudai ndege za melini, na mwaka 1937 serikali iliamua warudishiwe. Marekani ilichelewa kuwa na jeshi la anga linalojitegemea hadi Septemba 1947.

Kwa majirani zetu Kenya, Jeshi la Wanahewa lilianzishwa 1964 likiwa na mamlaka yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force na kuwekwa chini ya jeshi la nchi kavu. Liliendelea kurusha ndege za kivita kama kawaida, ila amri ya mwisho ilitoka kwa watu wa nchi kavu, hadi mamlaka yake yaliporudishwa mwaka 1994.