Kinga yako haijashuka: homa ya ini ya mwili kujishambulia

"Daktari, nimeanza unga wa kuongeza kinga." Wagonjwa wa homa ya ini inayoletwa na kinga kujishambulia huniambia hivi mara kwa mara, na kila nikisikia moyo hunienda mbio. Kinga yao haijashuka; imekosea adui. Chembe T, askari weupe wa damu, zimeligeukia ini na zinaitana kwa saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hupashana nazo habari. Moja ya saitokini hizo, interferoni gama, huyaamsha makrofeji, seli za kinga zinazomeza wavamizi, nayo humwaga TNF, saitokini nyingine inayochochea uvimbe. Interferoni hiyohiyo huzifanya seli za ini zitoe juu yake alama za HLA daraja la pili (protini zinazozionyesha chembe T cha kushambulia), ambazo kwa kawaida hazina, basi chembe T huzidi kuziona. Chembe T za kudhibiti, zile za kutuliza mashambulizi, ambazo hutegemea saitokini iitwayo interlukini-2, huzidiwa. Hapo unaongeza nini?

Ushahidi upo. Interferoni alfa, saitokini iliyotengenezwa kuwa dawa, ilitumika miaka mingi kutibu homa ya ini C, na kazi yake ilikuwa kuchochea kinga. Baadhi ya wagonjwa waliibukiwa na ugonjwa huuhuu, na wengine waliokuwa nao bila kujua ukawachachamalia.

Isitoshe, unga na vidonge vya mitishamba vinaweza kuliumiza ini vyenyewe. ALT, kimeng'enya kinachovuja damuni ini likiumia, ikipanda nitajuaje kama ni ugonjwa au ni lile kopo? Njoo nalo kliniki niisome lebo, hata kama limebaki tupu. Miraa pia: Uingereza wameripotiwa watafunaji walioumia ini kwa namna inayofanana na ugonjwa huu. Ukiwa mgonjwa wangu, miraa utaacha.

Waliosoma kidogo huniuliza kwa nini tusizuie TNF tukamaliza. Dawa iitwayo infliximabu huizuia, na imewahi kuwaletea homa ya ini ya aina hii watu walioitumia kwa magonjwa mengine. Saitokini moja ina kazi nyingi.

Homa hii ya ini haiambukizi. Vikombe vya mgonjwa virudi kabatini pamoja na vya wengine.

"ALT iko sawa, nimeacha dawa." ALT hutangulia kutulia, ilhali ndani ya ini uvimbe unaoletwa na mashambulizi bado upo. Tunahesabu miaka, walau miwili baada ya ALT na IgG (kingamwili za damuni ambazo hupanda katika ugonjwa huu) zote kuwa sawa, na hata hapo wengi hurudiwa. Uso ukivimba au sukari ikipanda kwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, njoo tuipunguze polepole tukiegemea azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Usiikate mwenyewe ghafla: tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zikishazoea dawa, huchelewa kuamka.